Bwawa Lililokuwa Likinywa Maji

Nyumbani kwake walimwita Bi Hadhari, naye aliitika. Jina lilianza kama utani wa mumewe siku za mwanzo za ndoa, alipomwona anarudi jikoni mara tatu kuhakikisha kwamba jiko limezimwa. Watoto wakalidaka, wakwe wakalirithi, na mwisho hata majirani wakasahau kwamba mama huyu aliwahi kuwa na jina jingine. Aliogopa mbwa, radi, ngazi, nyaya za umeme zilizochunika, na wageni wanaobisha hodi mara moja tu kisha wakanyamaza. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na huko nako aliogopa: mashine kubwa za kukaushia, sakafu yenye sabuni, sindano zilizosahauliwa ndani ya mikunjo ya mashuka. Katika miaka yote hiyo hakuna sindano iliyomchoma, ingawa wenzake walichomwa mmoja baada ya mwingine. Hilo hakuna aliyelitia maanani. Walichokumbuka ni jinsi alivyoruka na kupiga yowe siku paka alipomgusa mguuni.

Mumewe alikuwa dereva wa lori mstaafu, mtu wa kifua kipana, magoti mabovu na kicheko kinachosikika nyumba ya tatu. Yeye aliamini kwamba kila kitu kitajiweka sawa kikipewa muda. Walikuwa wameishi pamoja kwa muda mrefu hivi kwamba mmoja akiwasha taa ya ukumbi, mwingine alijua ni nani na anatafuta nini.

Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wa jirani na kamba ya kuanikia nguo, palikuwa na bwawa dogo la samaki. Walilikuta pale waliponunua nyumba, miaka ishirini na miwili nyuma. Lilikuwa la saruji, hatua nne kwa upana, kina chake kikifika mapajani. Samaki walikuwa kumi na mmoja, wekundu na weupe. Wajukuu wao pacha, wasichana wa miaka saba, walipokuja likizo walikuwa wakivua viatu, wakiingia humo na kurukaruka ili samaki wawapite katikati ya miguu. Bi Hadhari alikuwa akisimama ukingoni na taulo mkononi, roho juu, akiwaambia watoke. Babu yao alikuwa akiwaambia waruke zaidi.

Mwaka huo bwawa likaanza kunywa maji. Jioni walilijaza hadi ukingoni kwa mpira wa maji. Asubuhi lilikuwa limepungua shubiri nzima.

"Jua hilo," mzee alisema.

"Jua gani la usiku?"

"Basi upepo."

Bi Hadhari alichukua chaki akachora mstari ukutani mwa bwawa, na kila asubuhi akachora mwingine. Baada ya wiki mbili mistari ilikuwa imeshuka kama ngazi, na kila kidato kilikuwa kirefu kuliko cha juu yake.

Halafu asubuhi moja, akiwa anaanika shati, alisikia sauti. Haikuwa ya kububujika wala ya kutiririka. Ilikuwa sauti ya kumeza. Funda moja, kimya, kisha funda jingine, kama mtu mwenye kiu anayegugumia maji huku akivuta pumzi katikati. Alisimama na shati mkononi, maji yakimchuruzika hadi kwenye viwiko.

Siku hiyo hakufanya kazi yoyote. Alizunguka nyumba nzima akipapasa kuta. Aliinua mazulia, akalala kifudifudi kuchungulia mvunguni, akapitisha kiganja pembe zote za sakafu akitafuta unyevu. Maji ya mapipa na mapipa yalikuwa yameingia ardhini hatua kumi na mbili kutoka kitandani kwake. Lazima yawe mahali fulani. Lakini kila alipogusa palikuwa pakavu, na ukavu ule ndio uliomtia baridi zaidi. Maji yanayoonekana unaweza kuyafuta. Haya yalikwenda wapi?

"Pacha wanakuja wiki ijayo," alimwambia mumewe wakati wa chakula. "Hawaingii kwenye lile bwawa mpaka fundi alione."

"Bibie, ufa mdogo tu ule. Nitaupaka saruji mwenyewe."

"Wewe hutapaka kitu. Naita fundi."

Mzee alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Jirani yao, mshonaji wa nguo aliyekaa ng'ambo ya ukuta, ndiye aliyempa namba ya fundi wa mabwawa. "Watu wanamwita Kobe," alisema. "Atakukera kwa taratibu zake, lakini akiziba, pamezibika."

Kwenye simu, Kobe aliuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza. "Maji yakishuka, mama, huwa yanasimama wapi? Maana yakisimama mahali fulani, ufa uko hapo hapo."

"Hayasimami," Bi Hadhari alisema. "Na kila siku yanakwenda haraka zaidi."

Kobe aliuliza nyumba iko wapi.

"Nitakuja kesho," Kobe alisema.

Kwamba mtu aitwaye Kobe anakuja haraka hivyo, hilo Bi Hadhari alikaa nalo siku nzima.

Kobe alikuja na baiskeli, ndoo tatu na pampu ndogo iliyofungwa kwa kamba. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye vifundo vikubwa vya vidole. Bi Hadhari alimchungulia kwa pazia la jikoni kwa muda mrefu, maana hakupenda watu asiowajua uani kwake, na alikwisha kuficha hereni zake ndani ya kopo la chumvi. Lakini aliona jinsi fundi alivyovua viatu kabla ya kukanyaga baraza lililodekiwa, na jinsi alivyokaa ukingoni mwa bwawa dakika kumi nzima bila kugusa chochote, akitazama tu. Moyo wake ukalegea kidogo. Mtu anayetazama kabla ya kugusa alikuwa mtu wa namna yake.

Walielewana. Samaki wahamishwe, maji yatolewe, ufa ukatwe na kuzibwa, kisha bwawa zima litandikwe nailoni nzito nyeusi juu ya vipande vya zulia kuukuu. Kazi ya siku nne. Siku ya kwanza walihamisha samaki kwenye hodhi la kuogea, na mzee akalalamika kwamba sasa ataoga kwa ndoo kama yuko jeshini.

Siku ya pili asubuhi, pampu ilipomaliza kazi yake, Kobe alishuka ndani ya bwawa pekupeku na kuanza kuzoa tope. Bi Hadhari alikuwa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akichambua maharage. Alimwona fundi akisimama.

"Mama," Kobe alisema, "mmewahi kusafisha hili bwawa?"

"Hatujawahi. Kwa nini?"

"Pembeni kuna tope la kufika kwenye vifundo vya miguu. Hapa katikati hakuna hata chembe. Pamefagiwa."

Alionyesha kwa mkono. Katikati ya sakafu, saruji ilikuwa safi na nyeupe kama sahani, na juu yake ufa mwembamba kama uzi ulikata kutoka upande hadi upande.

Kobe alichukua nyundo akaigeuza, akagonga kwa mpini. Pembeni ilitoa sauti kavu, ngumu: ko, ko. Akasogea hatua moja akagonga tena. Ko. Akasogea katikati akagonga.

Bu.

Bi Hadhari aliisikia pale alipokaa. Aliijua sauti ile. Ndiyo sauti ya kugonga ngoma ya mashine ya kufulia ikiwa tupu.

"Fundi, hiyo ni sauti gani?"

"Naisikiliza, mama."

"Toka humo."

"Natoka."

Kobe hakuwa mtu wa haraka, na hata sasa hakuharakisha. Aliweka nyundo chini polepole kama anayeweka yai. Ungo wa maharage ulikuwa umekwisha kuanguka miguuni mwa Bi Hadhari na hakujua umeanguka saa ngapi. Wakati huohuo mlango wa pembeni ulifunguka, mzee akatokea na kikombe cha chai, akicheka kitu alichosikia redioni, na moja kwa moja akaenda ukingoni akainua mguu aingie.

"Haya, fundi, huyo mchawi wetu anayekunywa maji umemwona?"

"Usikanyage!"

Bi Hadhari hakujua kwamba ana sauti kama ile. Mzee aliganda, mguu mmoja hewani, chai ikimwagika kwenye suruali.

Hapo sakafu ikaondoka. Haikupasuka kwa kishindo. Ilichanika, kama shuka jipya linapochanwa pindoni, na Kobe akashuka wima, akapotea hadi kwapani. Mikono yake ilitanda juu ya saruji iliyobaki, na uso wake ukabaki chini kidogo ya nyayo za mzee. Mdomo ulikuwa wazi lakini haukutoa neno. Kutoka chini yake ilipanda harufu ya kitu kilichofungiwa gizani miaka mingi.

Mzee alitupa kikombe akataka kuruka. Bi Hadhari alikuwa amekwisha kufika. Alimkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili akajivuta nyuma kwa uzito wake wote.

"Ukiingia wewe mtakwenda wote wawili!"

"Niache, mtu anakufa!"

"Lete ngazi! Ile ndefu! Ilaze juu ya bwawa, ncha zote mbili zikae kwenye udongo. Usikanyage saruji!"

Mzee alimtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akakimbia, magoti mabovu na yote. Kichwa cha mshonaji kilitokeza juu ya ukuta. "Zimamoto!" Bi Hadhari alimpigia kelele. "Waambie mtu ameingia shimoni nusu!" Kichwa kikatoweka.

Ngazi ililala kutoka ukingo hadi ukingo, ikipita shubiri moja kutoka kichwa cha fundi. Sasa ilibidi mtu aende. Mzee alikuwa na kilo mia moja na kidogo. Bi Hadhari aliijua hesabu hiyo kabla ya mtu kuitamka. Miguu ilimwambia arudi jikoni. Alivuta mashuka mawili mabichi kutoka kwenye kamba, akayafunga ncha kwa ncha, akayasokota jinsi walivyokuwa wakiyasokota kazini, mzee akishika upande mmoja, mpaka yakawa kamba nene kama mkono. Ncha moja mzee aliizungusha kwenye nguzo ya chuma ya kuanikia nguo. Nyingine Bi Hadhari aliishika kwa meno, akapiga magoti, akatambaa juu ya ngazi.

Kila kidato kilipiga kelele. Alitambaa macho yakiwa kwenye nywele za fundi tu, maana kando ya nywele zile aliona ukingo wa saruji, mwembamba kama kipande cha mkate, na baada ya ukingo hakuna kitu. Alipofika alilala kifudifudi, akapitisha shuka chini ya kwapa moja, nyuma ya mgongo, chini ya kwapa la pili, akafunga fundo, akafunga na la pili juu yake. Mzee akalivuta likakaza.

"Sasa rudi!" mzee alisema. "Mke wangu, rudi taratibu!"

"Mama," Kobe alinong'ona. Ndilo neno lake la kwanza. "Usiniache."

"Nikuache niende wapi? Siwezi kusogea."

Na kweli hakuweza. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ngazi na havikumsikia tena. Alijaribu kuinua mkono mmoja, ukakataa. Akaelewa kwamba atakaa pale mpaka mtu aje kumbandua, na machozi ya hofu yakaanza kumtoka yenyewe, yakidondokea mkono wa fundi.

"Chini hakuna kitu, mama," Kobe alisema, akivuta pumzi fupifupi. "Miguu haigusi popote. Nyundo ilianguka. Nimehesabu mpaka tatu ndipo nikasikia maji."

"Usihesabu tena."

"Zungumza nami. Chochote."

Bi Hadhari hakuwa na hadithi. Alichokuwa nacho kichwani wakati ule ni hofu tupu, basi akamwambia hiyo. Alimwambia anaogopa ngazi. Akamwambia anaogopa radi, na mbwa wa mshonaji, na mashine ya kukaushia namba nne iliyokuwa ikijiwasha yenyewe. Akamwambia jana alificha hereni kwenye kopo la chumvi kwa kumwogopa yeye.

Kobe alitoa sauti ya ajabu, nusu kilio nusu kicheko.

"Usicheke! Unatikisa!"

"Samahani, mama."

Kipande cha saruji chenye ukubwa wa sinia kilikatika upande wa kushoto kikaanguka. Wote wawili walinyamaza wakisubiri. Maji yalisikika mbali sana chini. Bi Hadhari alifumba macho akaendelea kusema, bila kujua anasema nini: maji ya kina, mlango usio na komeo, simu inayolia alfajiri, mtoto anayekula samaki mwenye miba. Kila alipomaliza kimoja, Kobe alisema, "Na nini tena?" Na kila mara kilikuwepo kingine.

Zimamoto walifika baada ya dakika thelathini na tano. Walitandaza mbao pana, wakaleta kamba zao na mkanda wao, wakamtoa Kobe taratibu kama mtu anayetoa kizibo. Alikuwa na mbavu mbili zilizovunjika na paja lililochunika kutoka nyonga hadi gotini. Bi Hadhari walimtoa baadaye; ilibidi kijana mmoja mwenye helmeti amfungue vidole kimoja kimoja. Robo saa haikupita, sakafu yote iliyobaki ikazama, na ile ngazi ikabaki peke yake juu ya shimo jeusi.

Walipoteremsha kamba yenye uzito, ilikwenda mita kumi na moja. Lilikuwa shimo la zamani la maji taka. Mtu fulani, kabla ya wao kununua nyumba, alilifunika kwa mbao, akamwaga zege jembamba juu yake, na ili lisionekane baya akajenga bwawa. Mbao zilikuwa zimeoza.

Jioni ile mzee hakula. Alikaa na sahani mbele yake, akasema, "Walikuwa wanaruka pale." Baadaye akasema, "Na mimi nilikuwa nawaambia waruke." Kisha mtu yule wa kicheko akajifunika uso kwa viganja, mabega yakamtetema, na mkewe akamshika kisogo mpaka alipotulia.

Bi Hadhari mwenyewe alitetemeka siku tatu. Alimwaga chai, alishindwa kushika sindano. Likizo ya pacha iliahirishwa. Malori ya mawe na kifusi yalikuja moja baada ya jingine kujaza shimo, mzee akisimamia hadi la mwisho, na hata lilipojazwa na kushindiliwa Bi Hadhari hakulikaribia. Zaidi ya hapo, alianza kugonga sakafu ya nyumba. Asubuhi moja mzee alimkuta ukumbini akigonga kwa mpini wa fagio, sikio limeinama, akienda kigae kwa kigae. Alidhani atachekwa. Mzee alikwenda jikoni, akarudi na fagio la pili, akaanzia pembe ya upande mwingine. Walimaliza nyumba nzima saa saba mchana. Yote ilikuwa ngumu.

Miezi miwili baadaye mke wa Kobe alipiga simu. Mbavu zilikwisha kupona, alisema, lakini mume wake hafanyi kazi. Anafunga ndoo kwenye baiskeli, anafika hadi getini kwa mteja, anarudi. Amezungumza na watu, amezungumza na daktari. "Amesema labda wewe, mama."

Bi Hadhari alikwenda. Alimkuta Kobe amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha, amenyoa vizuri, macho yameingia ndani.

"Naona aibu, mama," alisema. "Jana nilishindwa kuchimba shimo la kupanda mti. Mwanaume mzima. Nilifika magotini nikatoka mbio."

"Ulitoka kwa sababu gani?"

"Niliogopa."

"Sasa aibu iko wapi hapo? Mimi nimeogopa miaka sitini na nne, na kazini sikukosa siku."

"Wewe uliwezaje?"

Alifikiri, maana swali hilo lilikuwa la kweli na hakutaka kumdanganya. "Sijui kama niliweza. Nilikuwa nakwenda hivyo hivyo, natetemeka. Huwa haiishi, mwanangu, nisikudanganye. Lakini mikono inajifunza kufanya kazi ikitetemeka." Kisha akasema, "Nina samaki tisa kwenye hodhi la kuogea. Wawili wamekufa. Mzee ananuka. Nataka bwawa."

Kobe alimtazama kwa mshangao. "Bwawa? Wewe?"

"La juu. Juu ya ardhi kabisa, la matofali, upande wa pili wa uwanja. Sitaki mtu achimbe hata kijiko."

Alikuja wiki iliyofuata. Siku ya kwanza alisimama kwenye mlango wa nyuma nusu saa, Bi Hadhari akiwa kando yake, hakuna anayemsukuma mwenziwe. Mzee alitaka kusema neno, akajizuia, akaenda kuchanganya mchanga na saruji. Mwisho Kobe alishuka, akiburuta nyayo kama mtu anayevuka mto asioujua kina, na Bi Hadhari akashuka nyuma yake akiwa ameshika shati lake. Wakafika mahali pa bwawa jipya. Wakasimama hapo, wote wawili wakitokwa na kijasho chembamba, na ardhi ikawabeba.

Kazi ambayo ingechukua siku tano ilichukua kumi na mbili. Kuta zilifika kiunoni, nailoni ikatandikwa bila mkunjo hata mmoja, na Bi Hadhari ndiye aliyeinyoosha pembe zake, kwa sababu alisema hakuna mwanaume anayejua kutandika. Waliacha maji wiki nzima kabla ya kutia samaki. Hayakupungua hata unene wa ukucha. Pacha walipokuja walilalamika kwamba sasa hawawezi kuingia, ni kutazama tu, wakiegemeza videvu ukutani. Bibi yao aliwaletea viti.

Kobe alirudi kwenye kazi yake kidogo kidogo, kwanza mabwawa ya juu, halafu siku moja likaja la kuchimba. Asubuhi hiyo simu ya Bi Hadhari ililia akiwa anasuka nywele za pacha mmoja. Aliruka, kama alivyoruka kila simu ilipolia.

"Mama, ni mimi. Niko ukingoni."

"Kina chake?"

"Kifuani. Vibarua wamekwisha kuchimba, kumalizia ni kwangu. Nimekwisha kupima udongo, mteja ameniletea na ramani ya zamani ya kiwanja. Hakuna kitu chini. Lakini miguu haitaki."

"Yangu pia inatetemeka, hapa nilipo," Bi Hadhari alisema, na ilikuwa kweli. Alimwashiria mtoto atulie. "Una ngazi?"

"Ninayo."

"Na mtu wa kukushikia?"

"Mteja yupo hapa."

"Basi weka simu mfukoni, usiikate. Shuka."

Alisikia mkwaruzo wa kitambaa, kisha vidato, kimoja, kimya kirefu, cha pili. Mjukuu aliuliza bibi anasikiliza nini. Bi Hadhari alimwekea kidole mdomoni, akaishika simu kwa mikono miwili, na akaendelea kusikiliza mpaka aliposikia sepetu ikiingia udongoni.